Teleka wa Matonge

Jioni moja ya mwezi Mei, nikiwa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, niliandika nusu ya mshororo: "Mbayuwayu wamefika". Mizani minane kamili, na sauti yake tamu. Juu ya mapaa ndege weusi, mabawa yao kama mundu, walikuwa wakikimbizana na kulia kwa sauti kali. Nikafunga daftari nimeridhika. Usiku moyo ukanisuta. Wale hawakuwa mbayuwayu. Walikuwa teleka.

Kabla ya kushika ushairi nilikuwa mtu wa uhifadhi: kuhesabu ndege, kujaza majedwali, kuandika ripoti. Huko kosa kama hilo halipiti. Mbayuwayu hutua kwenye nyaya na kufinyanga kiota kwa tope. Teleka ana vijiguu vifupi mno, na kucha za kung'ang'ania ukuta tu. Hutaga kwenye nyufa chini ya paa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kwamba wapo teleka wanaokaa angani miezi 10 bila kutua. Kuwachanganya wawili hawa ni kosa la siku nyingi: mwanasayansi Linnaeus mwenyewe, mwaka 1758, alimweka teleka kundi moja na mbayuwayu, na Kiholanzi, mojawapo ya lugha za jiji hili, mpaka leo humwita gierzwaluw, kana kwamba ni mbayuwayu wa aina nyingine.

Basi nikaandika "Teleka wamefika". Mizani saba, mshororo ukachechemea. Nikajaribu "Ni teleka wamefika". Hesabu ilitimia, lakini ile "ni" ilikuwa kibanzi cha kuzibia tundu, na sikio lililozoea mashairi lingeigundua mara moja. Siku ya pili ndipo jibu lilipokuja: "Teleka wameshafika". Silabi moja, "sha", ikaleta mizani iliyopungua na ikaleta habari mpya pia, kwamba walikuja kabla sijainua macho. Hapo tena nikalazimika kuuliza: ni kweli? Nikafungua daftari la uwandani. Wa kwanza nilimwandika mwishoni mwa Aprili. Ni kweli.

Kazi ninayoisifu ni hiyo. Arudhi haikubali ubabaishaji, na ndege naye haukubali. Mshairi wa maumbile ana mabwana wawili, na lazima wote waridhike katika silabi zilezile nane.

Brussels iliwahi kuona mtu wa uhifadhi akiazima sauti ya ushairi. Mwaka 1944 Jean-Pierre Harroy alichapisha hapa kitabu juu ya kuchakaa kwa ardhi ya Afrika, akakiita Afrique, terre qui meurt: Afrika, ardhi inayokufa. Miaka 4 baadaye akawa katibu mkuu wa kwanza wa muungano wa uhifadhi tunaouita leo IUCN, ambao enzi hizo makao yake yalikuwa jiji hili. Jina lile la kitabu linachoma. Lakini ndani ya jina hilo ardhi inakufa peke yake, wanaoilima hawamo, na Harroy huyo huyo baadaye aliitawala Ruanda-Urundi kwa niaba ya Ubelgiji. Neno lenye mvuto namna hiyo ndilo la kukaguliwa mara mbili.

Shairi langu lilipokamilika nilimsomea mama mmoja wa Bukavu anayesuka nywele Matonge. Nilipofika ubeti unaosema kwamba teleka hawa, kabla mvua na baridi za Ulaya hazijakaribia, huenda zao bonde la mto Kongo, aliacha kusuka.

"Kumbe ni ndege ya kwetu?"

Akatoka nje na kitana mkononi, akatazama juu. Kwa miaka yote niliyoandika ripoti juu ya majengo ya zamani yanayokarabatiwa, nyufa zikizibwa na teleka wakikuta mlango umefungwa, sikuwahi kumwona msomaji akitoka nje kuwatazama.

Ikifika Agosti anga ya Matonge itakuwa kimya. Wewe uliye Kisangani au Bukavu, wakipita kwenu, watungie ubeti, na uwaite kwa jina lao.