Utepe wa Upendeleo: Uhakiki wa Istilahi katika Somo Moja la Ushonaji

Karatasi nyingi zinazoletwa mezani petu ili zihakikiwe hutoka maofisini: fomu, sheria ndogo, mihtasari ya masomo, matangazo. Safari hii tumeletewa karatasi ya namna nyingine. Ni somo la kurasa nne, lililofasiriwa kutoka Kiingereza, ambalo limekuwa likitumika katika darasa moja la ushonaji la akina mama mjini Mwanza. Mwalimu wa darasa hilo ametuletea akiwa na swali moja tu: kwa nini wanafunzi wake, ambao wote wanajua kusoma, hulisoma somo hilo vizuri kisha wakaharibu vitambaa?

Somo lenyewe lafundisha kushona blanketi la mtoto lenye umbo la jani. Vitambaa viwili hukatwa kwa umbo hilo, katikati hutandazwa pamba, kisha tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa mistari inayofuata mishipa ya jani. Mwisho ukingo huzungushiwa utepe. Kazi hii yamfaa sana anayeanza, kwa kuwa vipande ni vichache, na mstari ukienda upogo kidogo hakuna wa kuulaumu. Mishipa ya jani haikunyooka hata mtini.

Yafaa tuanze na sifa, kwani mfasiri anazistahili. Sentensi zake ni fupi, vipimo vyake ni vya sentimita, na hatua zimefuatana kama mikono inavyofuatana kazini. Makosa yake ni ya istilahi, wala si mengi. Lakini katika somo la kazi ya mikono istilahi mbovu haiishii masikioni; huishia kwenye kitambaa, na kitambaa kimenunuliwa.

Kosa la kwanza ni jani lenyewe. Somo lasema: "Chora jani la mwaloni." Kwa kamusi mfasiri hakukosea: mwaloni ni mti, na wasomaji wa Biblia wanaijua mialoni ya Mamre. Lakini kandokando ya Ziwa Viktoria mwalo ni mahali mitumbwi inapofikia na samaki wakapakuliwa, na mjini Mwanza ukisema Mwaloni utaelekezwa Kirumba, kwenye soko la samaki na dagaa. Mwalimu anatueleza kwamba darasa lilicheka, kisha kila mmoja akachora jani alilolijua. Waliochora jani la muhogo, lenye vidole, walijitwisha kazi ya fundi mzoefu, maana kila pembe inayoingia ndani sharti ipigwe chale ndipo kitambaa kilale. Mfasiri angeandika "jani la mwembe" angekuwa amefasiri kwa uaminifu zaidi. Mti wenyewe haukuwa na maana katika somo. Kilichotakiwa ni umbo ambalo mwanafunzi analiona mlangoni pake kila siku.

Kosa la pili ni neno "batingi", lililotumika kwa ile pamba ya katikati. Hatulilaumu kwa kuwa ni la kigeni. Cherehani lilitoka ng'ambo, bitana ni la Kiarabu, foronya ni la Kireno, na blanketi lenyewe ni la Kiingereza. Yote hayo ni maneno yetu leo, kwa sababu yalikuja pamoja na vitu vyake na watu wakayatia vinywani. "Batingi" halikuja na kitu chochote. Linakitaja kitu kilichokuwamo nyumbani zamani, tena katika nchi ya pamba, ambako utafiti wa mbegu zake umekuwa ukifanyika Ukiriguru tangu miaka ya 1930. Mwanafunzi mmoja alikwenda kuitafuta "batingi" dukani, akarudi mikono mitupu, ilhali godoro alilolilia limejazwa pamba.

Kosa la tatu ni zito zaidi, nalo halionekani upesi kwa sababu neno lililotumika ni la Kiswahili safi. Hatua ya tano yasema: "Shikiza tabaka tatu kwa mishono mirefu." Hatua ya saba: "Shikiza tabaka kwa kufuata mishipa ya jani." Hatua ya kumi: "Fumua mishono yote ya kushikiza." Katika hatua ya tano inatajwa mishono ya muda, ya kuzuia vitambaa visihame wakati wa kazi. Katika hatua ya saba inatajwa mishono ya kudumu, ambayo ndiyo inayoizuia pamba isikusanyike pembeni blanketi likifuliwa. Ni dhana mbili, zimepewa jina moja, kisha jina hilo likaamriwa kufumuliwa. Wanafunzi wawili walitii. Walifumua kila kitu, na baada ya kufua mara moja pamba yote ikawa donge kwenye ncha ya jani. Mwanafunzi mtiifu ndiye aliyepata hasara, na yule asiyesoma hatua ya kumi akaokoka. Tatizo hili lingeondoka kwa neno ambalo mafundi wanalo: mishono ya muda ni bandi, na kuishona ni kupiga bandi.

Tumefika kwenye utepe. Somo laagiza ukingo uzungushiwe "utepe wa upendeleo". Tulipolisoma neno hili tulitazamana. Kiingereza kina neno moja lenye maana mbili: mwelekeo wa hakimu asiye mwadilifu, na mwelekeo wa kitambaa kilichokatwa kwa kukingama nyuzi zake. Mfasiri alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta, akaipeleka mahakamani kazi ya sindano.

Hapo ndipo vitambaa vilipoharibika. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za urefu, nazo ni mtande, na nyuzi za upana, nazo ni mshindio. Utepe uliokatwa kufuata mtande haunyumbuki. Ukiupitisha penye mviringo hukunjamana. Utepe uliokatwa mshazari, yaani kwa kupita katikati ya mtande na mshindio, hunyumbuka na kuzunguka pembe bila kunung'unika. Kuupata si kazi: kunja kona ya kitambaa hadi mtande ulale juu ya mshindio, na mstari wa mkunjo ndio mshazari. Wanafunzi, wasiopata maana yoyote katika "upendeleo", walikata utepe kwa njia rahisi, ya kunyooka. Majani yao yakajikunja kingo kama yaliyokaushwa na jua. Neno mshazari lilikuwapo muda wote. Walimu wa jiometria wanalitumia, na mafundi wa kanzu wanalijua.

Limebaki jina la kitu chenyewe, na hapa hatukuwa na kauli moja. Baadhi yetu walitaka mfarishi, neno la pwani la nguo nzito ya kitandani iliyojazwa pamba, na hoja yao ni kwamba neno lililopo lisiachwe likafa. Wengine walijibu kwamba mwanafunzi wa Mwanza hajapata kulisikia, na kumpa neno la Lamu au la Unguja lisiloelezwa ni sawa na kumpa "batingi". Tumekubaliana hivi: katika masomo ya wanaoanza liandikwe "blanketi la tabaka", ambalo lajieleza lenyewe, na mfarishi litajwe mara moja kando yake ili lijulikane.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi zifuatazo:

1. Kigezo: karatasi ngumu iliyokatwa kwa umbo linalotakiwa, ambayo mshonaji huifuatisha kwa chaki. Ofisini tumelizoea neno hili kwa maana ya kupimia sifa za watu. Maana yake ya mkononi isisahauliwe.
2. Tabaka la kati: kitu chochote kinachowekwa baina ya uso na bitana ili kuleta joto, kiwe pamba ya kujazia au blanketi kuukuu.
3. Bandi: mishono mirefu ya muda, inayofumuliwa kazi ikiisha.
4. Mshono wa tabaka: mshono wa kudumu unaozipitia tabaka zote. Haufumuliwi.
5. Utepe wa mshazari: utepe uliokatwa kwa kukingama mtande na mshindio.

Tusimtwishe mfasiri lawama yote. Sehemu yake ni yetu. Tangu Baraza lilipoundwa mwaka 1967 tumesanifu istilahi nyingi za utawala, sheria na sayansi, na sindano tumeiachia mafundi, tukidhani haituhitaji. Mji wa Mwanza wenyewe ungeweza kutufundisha. Kuanzia mwaka 1968 ulikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNESCO kuzunguka Ziwa. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu mzima asome kwa kazi aifanyayo: pamba, uvuvi, migomba, mambo ya nyumbani. Kitabu cha namna hiyo hupimwa shambani au jikoni siku hiyo hiyo, wala hakingoji mtihani.

Kipimo hicho twakipendekeza kwa wafasiri wote wa masomo ya kazi. Kabla hujapeleka tafsiri yako kupigwa chapa, mpe mtu asiyejua kazi hiyo, mpe na kitambaa, kisha kaa kimya umtazame. Pale mkono wake utakaposimama, neno lako lina kasoro. Nasi tumemrudishia mwalimu wa Mwanza somo lake likiwa limesahihishwa, pamoja na ombi kwamba majani yatakayoshonwa tuletewe habari zake, hasa yale yatakayoharibika.