Kimeng'enya Kisichomeng'enya: Istilahi Moja Mbele ya Darasa la Arua na Koboko

Tunapojadili istilahi za sayansi, wengi wetu hulipima neno kwa umbo lake: lina mzizi wa Kibantu? linanyambulika? Ni nadra kuuliza swali la mwalimu, yaani mwanafunzi akilisikia kwa mara ya kwanza atawaza nini. Makala haya yanalipima kwa swali hilo neno kimeng'enya, ambalo wengine huliita enzaimu.

Kisarufi neno hili halina kasoro. Kitenzi ni meng'enya, kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, nacho kimetiwa katika ngeli ya KI-VI. Kwa habari za mate na tumbo linafaa kabisa, na mmeng'enyo wa chakula umeshazoeleka. Tatizo huanza neno linapotoka tumboni kwenda shambani.

Katika jani la kijani kuna kimeng'enya kiitwacho rubisko. Kazi yake ni kuichukua hewa ukaa iliyoingia katika jani na kuiunga na sukari yenye atomi 5 za kaboni. Hiyo ndiyo hatua ambapo hewa inaanza kuwa muhogo, ubao au mkaa. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba kimeng'enya ni kivunjaji ataandika kuwa mmea humeng'enya hewa, kama tumbo limeng'enyavyo ugali. Amefuata mzizi wa neno kwa uaminifu, na ameukosa usanisinuru wote, maana mmea hapo unajenga.

Mtetezi wa neno ana hoja moja ya haki. Molekuli yenye kaboni 6 inayotokana na muungo huo haidumu; rubisko hiyohiyo huikata papo hapo ikawa mbili zenye kaboni 3 kila moja. Basi kumeng'enya kupo! Lakini huko ni kukata baada ya kuunga, na jambo lenye maana kwa mmea ni ile kaboni iliyoongezeka.

Kwa nini Arua na Koboko? Kwa sababu huko West Nile wanafunzi wengi hawana Kiswahili cha nyumbani cha kuwasahihisha. Nyumbani ni Kilugbara upande wa Arua na Kikakwa upande wa Koboko. Kiswahili kilifika kwa jeshi na kwa biashara, na sokoni husikika pia kile cha Kongo kutoka ng'ambo ya mpaka. Mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda, ulioanza mwaka 2020, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, ilhali Biolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kimeng'enya, kikitokea, hutokea katika kifungu cha ufahamu, na anayeulizwa maana yake ni mwalimu wa lugha. Huyu hana maabara. Ana mzizi wa neno tu, na mzizi unampeleka kombo.

Inasikitisha, kwa sababu mifano imejaa mlangoni pake. Tumbaku, iliyolimwa West Nile kwa miaka mingi kama zao la fedha, ni mmoja wa mimea iliyotumika zaidi kuichunguza rubisko. Sam Wildman, aliyeitambua protini hii katika majani miaka ya 1940, baadaye alitumaini kupata chakula cha watu kutoka majani ya tumbaku. Alipostaafu mwaka 1979, David Eisenberg alimtania kwa kuiita protini hiyo rubisko, jina lililofupishwa kutoka jina refu la kikemia likasikika kama la kampuni ya biskuti, Nabisco. Utani huo ndio ulioshinda. Nadhani ulishinda kwa kuwa hauahidi chochote: rubisko haimwambii msikilizaji kwamba inavunja wala inajenga. Wanaodharau utohozi wangelifikiria hili.

Mfano mwingine uko katika sahani. Rubisko ni mfanyakazi mzito. Huunga molekuli kama 3 tu kwa sekunde, na mara nyingine hukosea, ikashika oksijeni badala ya hewa ukaa. Joto likipanda makosa huzidi. Ndiyo maana mimea huitengeneza kwa wingi, hata ikafikia karibu nusu ya protini inayoyeyuka katika majani ya baadhi yao. Muhogo, maharage na tumbaku huvumilia hasara hiyo. Mahindi, mtama na ulezi wamepata dawa: kimeng'enya kingine huikamata hewa ukaa kwanza, kisha hupelekwa na kurundikwa katika seli zinazozunguka mishipa ya jani, iliko rubisko. Enyasa ya Walugbara iliyosongwa kwa unga wa muhogo na ulezi ina kaboni iliyokuja kwa njia zote mbili. Kifungu cha ufahamu kingeanzia hapo, badala ya kurudia kwamba miti husafisha "hewa chafu". Hewa ukaa ni malighafi ya mmea, na neno ukaa lenyewe linasema hivyo: gunia la mkaa ni hewa ambayo rubisko iliiunga zamani.

Sipendekezi kulifuta neno kimeng'enya, limeshaota mizizi. Napendekeza fasili yake ianze kwa kusema kuwa huharakisha mabadiliko ya kikemia, yawe ya kuunga au ya kuvunja, na tumbo lije baadaye kama mfano mmojawapo. Tendo la rubisko nalo liitwe kuunga kaboni, si kunasa. Kilichonaswa mtegoni hubaki kilivyo. Kilichoungwa hugeuka sehemu ya kitu kingine. Wapo watakaosema kuunga ni neno la jikoni, la mboga na nazi. Mimi naona hilo linalisaidia.