Karibu ya Wakabidhi
Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huziita makala fupi "mbegu", neno linalowakaa vizuri wakulima wa Meru na Embu. Makala ya mji kama Runyenjes au Nkubu huweza kuwa na sentensi chache tu, na chini yake mwaliko wa kuongeza habari. Anayeitika mara nyingi hajui kuweka tanbihi wala jamii, yaani kategoria za makala. Hapo ndipo ninapowapongeza wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia hiyo, na wahariri wazoefu wanaomwandikia neno la karibu kwenye ukurasa wake wa majadiliano, na kunyoosha sentensi yake badala ya kuifuta. Wapo wasemao wageni huleta matangazo na tafsiri za mashine. Kweli huleta, na tafsiri hizo zinachosha kuzisoma. Hata hivyo, historia ya ukurasa hutunza kila toleo. Kosa hurudishwa nyuma kwa kubofya. Lakini mtu anayeijua kwa undani Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, akikemewa siku ya kwanza, hana kitufe cha kumrudisha. Mzoefu anayetumia robo saa kumwonyesha namna ya kutaja gazeti kama chanzo amefanya kazi kubwa kuliko kuandika peke yake makala kumi za mahali asipopafahamu.