Tableti ya Inchi 8, Mizani 16

Tableti yangu ina wiki tatu. Niliinunua mkononi hapa Ukunda kwa shilingi 11,500, malipo ya makala mawili ya hoteli za Diani ambayo jina langu halimo. Ni ya inchi 8, na betri inafika jioni ukipunguza mwanga. Kamera na spika waulizeni wengine. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu: fasihi ya Kiswahili inasomeka humu?

Kwangu hilo si swali la anasa. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kadi ya maktaba ilikwenda na karo. Maduka ya vitabu ninayoyajua kati ya hapa na Msambweni yanauza vya shule. Ukiulizia diwani unapewa mwongozo wa kuichambua hiyo diwani.

Riwaya haina shida. Ukikuza herufi, sentensi inashuka mstari wa pili na hadithi inaendelea. Moja nimeimaliza kwenye matatu ya Likoni na foleni ya feri, mkono mmoja kwenye kioo, mwingine umeshika nauli. Juani ufukweni ni hadithi nyingine: unasoma uso wako mwenyewe.

Shairi ndiyo kesi. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne, kila mmoja mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao. Tableti haijui hayo. Inakata pale nafasi ilipoishia: mizani 11 juu, 5 zinaning'inia chini, na kina cha kati kimefukiwa mahali ambapo jicho halikitafuti. Ukikilaza kifaa, mshororo unakaa mzima, ila sasa unaona ubeti mmoja tu kwa wakati mmoja.

Utenzi, kwa upande wake, umekaa kama umeshonewa. Vipande vya mizani 8 vinaingia na nafasi inabaki. Nimesoma sehemu ya Utendi wa Tambuka, wa 1728, wenye beti zaidi ya 1,000, nikisukuma kwa kidole gumba tu, na sikupotea hata mara moja.

Wapo wanaosema chombo si hoja, na mfano wao ni Abdilatif Abdalla, aliyetunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Mfano mzuri, ila wanausoma vibaya. Kwenye karatasi ile, mtunzi ndiye aliyeamua mstari ukatike wapi. Humu anaamua upana wa kioo. Na lawama siitupii tableti. Naitupia kwa wanaoandaa faili, wanaomwaga ushairi kama barua ya ofisi halafu wanataka tulipe bei kamili.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kamusi: Mgombato, ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, iliyotoka 2004. Kurasa zake hazikui, lazima uvute kwa vidole viwili, lakini neno ninalolisikia sokoni asubuhi nalitafuta hapo hapo. Kibodi ndiyo haijafika huko. Nikiandika madzi, inanirudishia maji, kwa upole, kama mwalimu wa zamani.

Sasa hivi nanakili daftari la marehemu mjomba wangu wa Gazi: mashairi ya harusi, na malumbano na mtu aliyemdai mbuzi. Daftari limeshalika na unyevu, kurasa tatu za mwisho ni kivuli tu. Nimeamua ukwapi ukae mstari wake na utao mstari wake, utao nikiusogeza kulia kidogo, ili kioo kisinikatie ovyo. Si umbo lake. Yeye aliandika mshororo mmoja hadi ukingoni, na nafasi ikimwishia, alibana herufi.