DUEL: BABA WA NYUMBANI NA ADUI ASIYE NA USO

Wahenga walisema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii twaifundisha kila mwaka, lakini ni mara chache tunapouliza upande wake wa pili: na zimwi lisilokujua, je? Filamu ya Duel, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kuonyeshwa kwanza katika televisheni ya Marekani mwaka 1971, yaweza kuwa jibu la swali hilo. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuijadili hapa.

Kisa chake ni kifupi. David Mann, mwenye mke na watoto, aondoka nyumbani asubuhi kwa gari dogo jekundu kwenda kuonana na mtu wa biashara. Katika barabara za jangwani za California, alipita lori kuukuu la kubebea mafuta. Hilo ndilo kosa lake lote. Tangu hapo lori lamwandama, na baada ya muda yeye na sisi twatambua kwamba nia yake ni kumwua. Richard Matheson, aliyetunga hadithi fupi ya kisa hiki, ndiye pia aliyeiandika kwa ajili ya filamu.

Uso wa dereva hatuuoni hata mara moja. Twaona mkono ukitoka dirishani, twaona viatu. Mann aingiapo mkahawani kupumzika, mara aliona lori limeegeshwa nje. Adui yu mle ndani, lakini ni yupi? Awachungua wanaume waliomo mmoja mmoja, awatazama viatu, na mwishowe amkabili mtu asiyehusika, naye aambulia kipigo. Katika sehemu hii hakuna bunduki wala damu. Hofu yote yatokana na kutojua, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu bora kuliko zote katika filamu hii.

Filamu ya televisheni ilikuwa ya dakika 74 hivi. Baadaye ilirefushwa hadi kufikia dakika 90 hivi ili ionyeshwe katika majumba ya sinema, na miongoni mwa sehemu zilizoongezwa ni ile ya Mann kumpigia mkewe simu. Mtazamaji aweza kulalamika kwamba simu hiyo yapunguza mwendo wa kisa. Twakubali kuwa yaupunguza; hatukubali kuwa haina kazi. Kwa simu hiyo twapata habari kwamba usiku uliotangulia, katika tafrija, mwanamume mmoja alimsumbua mke wa Mann mbele ya watu, na Mann hakusema neno. Kumbe mtu huyu hakuanza kuogopa barabarani. Alitoka nyumbani akiwa na hofu yake, na lori limemkuta nayo.

Lakini hapo hapo ndipo tunapoilaumu filamu. Mke amepewa dakika chache tu za kunung'unika, kisha asahauliwa. Katika redio ya gari, mwanzoni mwa safari, twasikia mzaha juu ya mume asiyejiona kuwa mkuu wa nyumba yake. Hata jina Mann lalingana kwa sauti na neno la Kiingereza lenye maana ya mwanamume. Yaelekea twaambiwa kwamba mtu mpole hana budi kuua ili ahesabiwe kuwa mwanamume. Fundisho hilo hatutaki vijana wetu walipokee bila kuulizana.

Kwa bahati njema, mwisho wa filamu una busara kuliko mzaha huo. Mann aligeuza gari lake kulikabili lori, akakandamiza pedali kwa mkoba wake wa kazi, akaruka nje. Magari yote mawili yaporomoka bondeni. Arukaruka kwa furaha. Kisha aketi peke yake ukingoni, jua likichwa, akitupa kokoto chini. Hakuna wa kumpongeza. Hakuna lililotengenezwa kati yake na mkewe. Amelishinda zimwi lisilomjua. Wale wamjuao wangali wakimngoja, na neno analodaiwa nao bado hajalisema.

Walimu watakaopata nafasi ya kuionyesha filamu hii watanufaika, kwani maneno yake ni machache na matendo ni mengi. Wanafunzi waweza kusimulia safari ya Mann kwa kutumia kiambishi -ka-, tendo baada ya tendo. Kisha, na zoezi hili ndilo gumu zaidi, waandike ile simu ambayo Mann hakuipiga alipokuwa ameketi pale ukingoni.