Kitako cha Kifungio cha Amari

Chombo kinapofungwa gatini, au kinapotia nanga mahali pasipo na kinga, mvuto wake wote, utokao kwa msukumo wa mawimbi na wa upepo wa kusi, hukutana mahali padogo mno, napo ni pale kifungio cha amari kilipokazwa kwa bolti juu ya sitaha. Na aghalabu mwenye chombo hukitazama kifungio chenyewe, akauliza ni cha madini gani, asiulize kimekalia nini. Swali hili la pili ndilo kubwa, na ili nilithibitishe nitaeleza jinsi fundi mmoja wa Mtwapa alivyokitengeneza upya kitako cha kifungio cha omo katika boti ya faiba yenye urefu wa mita 9, kazi niliyoishuhudia tangu kufunguliwa nati za zamani hata kukazwa mpya.

Sitaha ya boti hiyo ilikuwa na matabaka mawili membamba ya faiba, na baina yao mti wa balsa uliopangwa nyuzi zake zikasimama wima, kwani hivyo ndivyo mti huo mwepesi unavyostahimili mkandamizo maadamu ni mkavu. Maji yalikuwa yamepenya kwa matundu ya bolti, balsa ikaoza. Na kule chini, palipokuwa na kipande cha plaiwudi kisichopakwa kitu, washa zilikuwa zimezama ndani ya mbao iliyolainika hata kifungio kikitikisika kwa mkono. Bolti zenyewe zilikuwa nzima.

Hesabu yake si ngumu. Bolti 4 za milimita 8, kila moja na washa yenye kipenyo cha milimita 24, huikandamiza sitaha kwa eneo la takriban sentimita za mraba 16 tu. Amari ikikivuta kifungio kwenda juu kwa nguvu ya kilo 1,000, kila sentimita ya mraba hubeba zaidi ya kilo 60. Bamba la sentimita 15 kwa 10 likitiwa baina ya washa na sitaha, mzigo ule ule hutawanyika hata ukashuka chini ya kilo 7 kwa kila sentimita ya mraba, ila kwa sharti moja: bamba liwe gumu kiasi cha kutopinda, kwa kuwa bamba linalopinda huurudisha mzigo pale pale penye washa.

Mwenye boti alitaka bamba hilo liwe la plastiki nyeupe ya jamii ya polithini, ile inayotengenezewa vibao vya kukatia nyama, kwa hoja kwamba haiozi wala haihitaji rangi. Hoja ni ya kweli, lakini haitoshi. Plastiki hiyo, ikikazwa kwa nati na kuachwa chini ya mzigo, hujongea polepole bila ya kuvunjika, ikawa leo imekazwa na baada ya miezi imelegea, na hakuna aliyeigusa. Kadhalika haishikamani barabara na epoksi wala na gundi nyingi za baharini, na joto huinyoosha mno: kipande cha mita 1 kikiongezeka joto kwa nyuzi 20 hurefuka milimita 2 au zaidi, ilhali cha faiba ya epoksi hakifikii hata nusu milimita. Kwa kutundikia taa au kushikilia ndoano ya fimbo ya kuvulia inafaa sana. Kwa amari haifai.

Alumini ni ngumu na nyepesi, nayo ingalifaa lau bolti zingekuwa za alumini pia. Metali mbili zisizo za jinsi moja zikikutana ndani ya maji ya chumvi huzaa umeme, na ile iliyo dhaifu huliwa. Basi alumini yenye bolti za chuma cha pua hugeuka unga mweupe kuzunguka matundu, mahali hasa panapotakiwa nguvu. Chuma cha pua chenyewe hakina dosari hiyo, bali kinayo nyingine: hujilinda kwa utando mwembamba sana unaohitaji oksijeni ili ujirudishe, na maji ya chumvi yakituama chini ya bamba pasipopita hewa, utando hufa na chuma huanza kuchimbika kwa siri, hata kile cha daraja la 316.

Fundi akachagua bamba la nyuzi za kioo na epoksi, unene wa milimita 10, na mimi naona alichagua vyema kuliko wote. Halinywi maji kwa kiasi cha kuhesabika, halizai umeme na bolti, halijongei chini ya nati kama polithini, na hushikamana na sitaha kwa epoksi hata vikawa kitu kimoja, maana asili yao ni jamaa. Aibu yake ni bei, na vumbi lake linapokatwa, ambalo hudhuru mapafu. Fundi alifunga barakoa na kulikata huku likimwagiwa maji.

Kabla ya hayo alifanya jambo ambalo wengi huliruka. Alitoboa kila tundu kwa kekee kubwa kuliko bolti, akaichokoa balsa mbovu mpaka akafikia kavu, akalijaza pengo kwa epoksi iliyokorogwa na unga wa kuikoleza, akaiacha igande, kisha akatoboa upya katikati yake tundu la kiasi cha bolti. Hivyo bolti haigusi balsa popote, na maji yakipita kando yake hukutana na epoksi tupu.

Juu ya sitaha, ambayo kwa kawaida ina mwinuko katikati ili maji yamwagike, kifungio bapa hakikalii sawasawa. Basi aliweka kitako cha msaji, akakipiga randa upande wa chini mpaka kikafuata mwinuko ule. Hapa sikubaliani naye kikamilifu. Msaji una mafuta yanayoukinga na maji, na fundi alikumbuka kuyafuta kwa asetoni kabla ya kupaka gundi. Lakini mti wowote hubonyea ukikandamizwa kukingama nyuzi zake, nami ningelitia faiba juu kama ilivyotiwa chini. Mwenye boti alipenda sura ya msaji, na kwa kuwa unaonekana na unaweza kubadilishwa, nakiri madhara yake ni madogo.

Ukingo wa kila tundu aliupanua kidogo kwa juu, ili utomvu wa kuzibia ufanye pete kuzunguka shingo ya bolti, na wakati wa kukaza alimweka msaidizi juu akishika vichwa vya bolti visizunguke, yeye akazungusha nati kutoka chini. Bolti ikizungushwa, pete ile hukatika na maji hupata njia.

Wenye vyombo vya faiba nawasihi, kabla ya kusi kuanza, waingie chini ya omo na taa mkononi, wazitazame washa zao zimekalia nini, na wakiona mbao nyeusi au unga mweupe, wamwite fundi siku hiyo hiyo.