Nyumba Katika Kauli ya Kutendea

Kurasa hizi zimezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji tuhakiki kazi ya namna nyingine, nayo ni michoro miwili ya sebule na jiko iliyoandaliwa na msanifu wa mapambo ya ndani kwa ajili ya nyumba yetu hapa Port Bell. Kazi hii haikuchapishwa wala haitachapishwa. Hata hivyo ina mtunzi, ina hadhira, ina fani na maudhui. Na, jambo lisilotokea mara nyingi katika fasihi, mhakiki ndiye aliyeilipia.

Nyumba yenyewe iko juu ya bandari, upande wa Luzira, ikielekea ziwani. Tumeijenga kidogo kidogo, kama walimu wengi wajengavyo, chumba kwa mwaka na bati kwa mkopo. Ndani yake tunaishi sisi, mwenzetu wa maisha, watoto, na mama yetu mzazi ambaye umri umemfanya asikae tena peke yake kijijini. Jumamosi huja wanafunzi wachache kujifunza Kiswahili. Twawataja watu hawa mapema kwa sababu katika mchoro wa kwanza hawakuwamo.

Tuanze na sifa, kwani mhakiki asiyeona uzuri hana haki ya kutaja ubaya. Msanifu wetu ni kijana wa kike mwenye jicho kali. Rangi aliyoichagua kwa kuta ilikuwa ile ya udongo wa vilima vyetu baada ya mvua. Alikataa dari ya jasi yenye madaraja na taa za rangi, ambayo siku hizi huonekana katika kila nyumba mpya ya Kampala, akasema kwamba chumba kifupi hakibebi dari nzito. Alikuwa na haki. Alivunja ukuta mmoja kwenye karatasi, na sebule iliyokuwa kama korido ikapumua.

Lakini tulipofika jikoni tulisita. Alichora chumba chembamba chenye meza ndefu ya kupikia, sinki katikati, na makabati yaliyopangwa ukutani kiasi kwamba mpishi aliyesimama aweza kufikia kila kitu bila kupiga hatua mbili. Jiko la namna hii lina historia. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, lenye upana usiofika mita 2 na urefu wa mita 3 na nusu hivi. Alihesabu hatua za mpishi, akaangalia jinsi wapishi wa garimoshi wafanyavyo kazi katika behewa finyu, na majiko kama 10,000 yakajengwa. Mkuu wake katika kazi hiyo alikuwa Ernst May. May huyo alihamia Tanganyika mwaka 1934, baadaye akafanya kazi Nairobi, na kati ya 1945 na 1947 ndiye aliyeandaa mpango wa kuupanua mji wa Kampala kwenye vilima vya Kololo na Naguru, safari fupi tu kutoka hapa tulipo. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyetuletea makabati. Twasema tu kwamba jiko lililochorwa kwa ajili yetu lilikuwa jibu la werevu mkubwa kwa swali la mama wa Frankfurt, aliyepika peke yake, akiwa amesimama, akikimbizana na saa.

Matoke hayapikwi hivyo. Humenywa watu wakiwa wameketi, wawili au watatu, kisu mkononi na mazungumzo mdomoni. Hufungwa katika majani ya migomba, hutiwa sufuriani juu ya mabua, hupikwa kwa mvuke, hukandwa yakiwa bado ndani ya majani yake, kisha hurudishwa penye moto wa taratibu. Kazi hiyo yataka sakafu, yataka moshi upate pa kwenda, yataka pa kutupia maganda. Katika mchoro ule mama yetu angeweza kufanya jambo moja tu, nalo ni kusimama mlangoni akitazama.

Sebuleni kosa lilikuwa la aina nyingine, na hapa twakiri kwamba msanifu hakukosea kwa ujinga. Alitaka nyumba ifanane na Uganda. Akapendekeza mito ya makochi ivikwe lubugo, ile nguo ya magome ya mtuba ambayo ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, ukaingizwa katika orodha mwaka 2008. Alituletea kipande, chekundu cha kutu, laini ajabu. Mama akakishika, akakigeuza, akauliza, “Mwanangu, ni nani aliyefariki?”

Wasomaji wa Buganda hawahitaji maelezo. Lubugo ni vazi la kutawazwa, lakini pia ndilo nguo ya kumzikia maiti, na mzee hawezi kuliegemea akinywa chai. Hata hivyo nguo hiyo imewahi kutumika ndani ya nyumba kwa heshima. Katika nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, kabla haijaungua mwezi Machi 2010, pazia la magome ndilo lililotenga sehemu takatifu na mahali walipokaa wageni. Ishara ile ile yaweza kuning'inia ikaleta heshima na kukaliwa ikaleta uchuro. Tuwafundishao watoto taswira twalijua hilo katika ushairi. Tumelisahau tulipofika kwenye makochi.

(Kuhusu barakoa za mbao zilizochorwa juu ya runinga tutasema machache. Si za hapa. Kama Luzira yataka sura ya kujivunia, mwaka 1929 kilifukuliwa hapa hapa, kwenye kilima cha gereza, kichwa cha udongo wa kufinyanga ambacho leo kimehifadhiwa British Museum, London. Picha yake yatutosha.)

Je, lawama ni ya nani? Tulipoirudia barua tuliyomwandikia msanifu tuliona haya. Kwanza iliandikwa kwa Kiingereza, nasi ndio tunaowakemea wanafunzi kila wiki. Pili, ilikuwa orodha ya nomino tupu: makochi saba, meza moja, makabati, pazia, dirisha kubwa la kutazamia ziwa. Hapakuwa na kitenzi hata kimoja kilichohusu maisha yetu. Mtunzi aliyepewa nomino alituandikia nomino.

Hapo ndipo sarufi ilipotufaa. Kiswahili hakipendi kukitaja chumba kwa samani zake. Husema jikoni, yaani penye moto. Husema chumba cha kulia, kwa kauli ya kutendea, kauli ile ile iliyoupa jina mkono wa kulia. (Wanafunzi hucheka wakidhani ni chumba cha machozi, na mwisho wa mwezi hawako mbali na ukweli.) Kwa nini twasema chumba cha kulala, si cha kulalia, hilo twawaachia wanasarufi. Basi tukaandika barua ya pili, kwa Kiswahili, nomino zote zikafutwa: pa kumenyea matoke wakiwa wameketi wawili, pa kupigia magoti mtoto amwamkiapo bibi yake, pa kupokelea mgeni asiyestahili kuona vyombo vichafu, pa kusomeshea watoto sita, pa kusahihishia madaftari usiku.

Kiswahili cha msanifu ni haba, akatuomba tuisome barua pamoja. Tulipofika mstari wa kwanza akaweka kalamu chini. “Kumbe, Mwalimu,” akasema, “mwataka effumbiro!” Alikuwa amelishika jambo kwa ufunguo wa lugha yake. Effumbiro ni kitenzi cha kupika, kikapewa kiambishi cha kutendea na irabu ya mwisho ya mahali, kama vile essomero lilivyo shule na eddwaliro lilivyo hospitali. Kiswahili chajua njia hiyo katika neno kimbilio. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yalibadilika, na ubishi ukawa na faida.

Mchoro wa pili ni kazi bora kuliko wa kwanza, ingawa katika picha wapendeza kidogo. Jiko la ndani limepunguzwa likabaki la gesi, la chai na mayai. Paa la nyuma limevutwa mita 2 na nusu, na chini yake pana nafasi ya sigiri mbili, kibaraza kifupi cha kukalia, na mfereji wa maji machafu. Makochi ni manne, yamesukumwa ukutani, na katikati ya sebule hapana kitu ila mkeka. Nafasi hiyo tupu ndiyo iliyotugusa zaidi, kwa kuwa msanifu hulipwa kwa kujaza, naye alikubali kuacha. Lubugo limetundikwa kati ya sebule na ukumbi wa ndani. Mama amepita chini yake mara nyingi bila kusema neno.

Upungufu haukosekani. Pa kusahihishia madaftari hapakupatikana; katika mchoro pametajwa kama kona, na kona hiyo imekaliwa na jokofu. Na dirisha kubwa limebaki, kwa kuwa kioo kilikwisha kununuliwa kwa amri ya barua yetu ya kwanza. Alasiri jua la ziwani huingia mpaka mkekani. Usiku, msimu wa wadudu wadogo wa ziwa unapofika, huifuata taa kwa maelfu na kukifunika kioo kama masizi. Siku hizo twazima taa ya sebuleni, na madaftari twayasahihishia ukumbini, nyuma ya pazia.